Ndugu wa ulanzi huku Uskochi si wiski

Iringa na Mbeya, chupa ya wiski iliyotoka Uskochi ni heshima ya mezani: inajazwa soda hadi ukingoni, au inakupuliwa kama gongo. Ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, tunawaachia "watu wa kilabuni". Kwa maoni yangu tumekosea pande zote mbili.

Wiski kwanza, kwa ufupi. Sheria ya Uingereza inataka wiski ya Uskochi ikae angalau miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na ifungwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Baa inakupimia mililita 25 au 35. Matone machache ya maji yanafungua harufu. Barafu nyingi inaifunga. Glasgow wazee huweka kando yake nusu painti ya bia na kunywa kwa zamu, funda la hiki, funda la kile. Kukupua ni kumwaga miaka mitatu kooni.

Ila wiski haiozi. Kinachofanana na ulanzi ni bia ya pipa, ile isiyochujwa, hamira yake ingali hai. Inatunzwa chini ya baa kwenye nyuzi 11 hadi 13, na pipa likishatobolewa hewa inaingia. Baada ya siku tatu hivi imeanza uchachu. Mgema wa Mufindi angeelewa kazi hiyo bila mkalimani. Chipukizi la mwanzi linakatwa ncha wakati wa mvua, kisha linapunguzwa kipande chembamba asubuhi na jioni, maana jeraha likikauka utomvu unagoma. Mbeta, chombo cha mwanzi, inakinga. Hamira iliyobaki ndani ya mbeta inaanza kazi saa ileile: mtamu wa asubuhi si mkali wa kesho. Ukiuziba kabisa kwenye chupa, gesi inaipasua. Ukiuacha wazi, unageuka siki. Mbeta isipofunikwa vizuri, mvua inauzimua na wadudu wanazama humo.

Ulanzi wenyewe hauna kosa. Kinachouharibu ni kilabu kumimina wa jana, wa leo na wa mgema mwingine kwenye ndoo moja. Kidogo kilichochacha kinauvuta wote. Baa nzuri ya hapa inaosha mipira ya kupitishia bia kila wiki na haimrudishii mteja masalia ya pipa la zamani. Mwenye kilabu angeandika tu kwenye ndoo: umegemwa leo asubuhi. Bei ingepanda yenyewe.

Komoni, pombe yetu ya nafaka, nayo ina somo. Waskochi wanachanganya kimea cha shayiri na maji kwenye nyuzi kama 64 ili wanga ugeuke sukari, halafu wanapoza ndipo watie hamira. Kimea chetu cha ulezi kinafanya kazi zote mbili, kwa hiyo mama mpishi anasubiri uji uwe vuguvugu, kidole kikae bila kuungua. Akiwahi, hamira ya kimea inaungua na pombe inalala; akichelewa, uji unachacha kabla haujalevya. Hana kipimajoto, na mara nyingi anapatia.

Kimpumu, pombe ya ulezi ya Tukuyu, ndicho kinachonishinda kukieleza huku: maji ya moto juu ya machicha ya ulezi, mrija, unaongeza maji mpaka ladha iishe. Wanadhani ni chai. Kila mtu aje na mrija wake, basi.