Fundi, Bado?

Mgongo unaotazamwa kuliko yote kiwandani ni wangu. Mashine zikiwa zinazunguka vizuri hakuna anayenijua. Napita na kisanduku changu cha spana na watu wananiuliza kama nimekuja kuzibua choo. Lakini laini ya uzalishaji ikizima tu, nikiinama kufungua kifuniko, nyuma yangu panajaa. Opareta yupo, msimamizi wa shifti yupo, meneja wa uzalishaji yupo, na kuna jamaa wa masoko ambaye sijui alipita vipi getini bila kofia ngumu. Wote wamefunga mikono kifuani, na swali lao ni moja.

"Fundi, bado?"

Bado nini, jamani? Sijatoa hata skrubu ya kwanza! Halafu linafuata la pili: "Itachukua muda gani?" Ukisema dakika 10 ukazidisha, wewe muongo. Ukisema saa 2, wewe mvivu unayekuza mambo. Siku hizi najibu "inategemea", na nikishalitamka hilo meneja anaanza kupumua kwa mdomo.

Namgeukia opareta. Kaka, ilikuwaje? "Imezima yenyewe." Sijawahi kukutana na opareta ambaye mashine yake imezimwa na mtu. Zote zinajizima zenyewe, tena yeye akiwa kasimama mbali, akiwa na tabia njema.

Sasa tuelewane kuhusu overlodi. Mota ikilemewa inavuta umeme mwingi kuliko uwezo wake, nyaya za ndani zinapata moto. Overlodi ipo kwa ajili hiyo: inakata umeme mota ipone, na wewe uende ukatazame kilichokwama. Opareta wetu anaichukulia kama kengele ya mlangoni. Ikikata, anabonyeza kitufe cha kuirudisha. Ikikata tena, anabonyeza tena, sasa kwa hasira. Ikiendelea na ukaidi, anaazima bisibisi kwa mwenzake wanapandisha ampea, yaani kiwango cha umeme inachokatia, kazi inaendelea. Mimi naitwa harufu ya waya ulioungua ikishafika ofisi ya uhasibu. "Umebonyeza mara ngapi?" "Mara moja tu, fundi." Mara moja! Kitufe kimebonyea mpaka maandishi yamefutika.

Na usidhani ukitengeneza upesi utashukuriwa. Kwenye mkanda wa kupitishia maboksi kuna sensa, lile jicho linalotazama kama boksi limefika. Likishikwa na vumbi linaona boksi mahali pasipo na boksi, basi mkanda unasimama kulisubiri lipite. Nilikuta laini nzima imesimama, watu wameshika viuno, wote wakingoja boksi ambalo halipo. Nikatoa kitambaa, nikafuta, mkanda ukaondoka. Unajua niliambiwa nini? "Kumbe ni hivyo tu?" Kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Ndiyo maana siku hizi sensa naifuta nikiwa nimekunja uso, mita ya umeme naining'iniza shingoni, na kabla ya kugusa chochote naitazama paneli kwa muda mrefu nikitikisa kichwa. Heshima imepanda sana.

Lakini haya yote ni madogo. Kubwa ni kwamba kila mtu anataka mashine itengenezwe, na hakuna anayekubali kukupa mashine uitengeneze.

Beringi, ile pete ya gololi inayoshika shafti, yaani mhimili wa mota unaozunguka, haifi ghafla kama wanavyodhani wenye ofisi. Inaanza kuunguruma kidogo, kisha inapata joto, kisha inalia kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini anaisikia. Wiki zote hizo inaaga. Basi mimi, kwa kuwa nimesomea kazi hii, nikaijaza fomu: beringi ya mota ya mkanda mkuu inalia, naomba saa 2 niibadilishe. Jibu: "Wiki hii tuna oda." Wiki iliyofuata: "Wiki hii tuna oda kubwa." Nikauliza, sasa lini? "Siku tukikosa oda tutakupa." Mzee, siku tukikosa oda kiwanda kitafungwa! Mashine nitaibadilishia beringi ili ipendeze mnadani?

Beringi ikajipa ruhusa yenyewe. Ikapasuka usiku, ikala shafti, shifti nzima ikakaa. Asubuhi kikao: "Idara ya matengenezo, kwa nini hamkuliona hili mapema?" Nikatoa fomu yenye sahihi ya meneja pale chini. Akaisoma kwa utulivu wote, akaigeuza, akatazama nyuma, akasema mwandiko wangu haueleweki.

Halafu ukaenda stoo. Nahitaji beringi 6205. Namba hiyo haina fumbo: chukua tarakimu 2 za mwisho, zidisha kwa 5, unapata upana wa tundu, yaani milimita 25. Mtunza stoo akaniambia 6205 zimekwisha rafuni, nichukue 6206, "si imepishana moja tu?" Moja yake hiyo ni milimita 5! Shafti itakuwa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia kompyuta, uso ukang'aa: "Zipo 4!" Ziko wapi? "Kwenye mfumo." Basi nipe huo mfumo nikaufunge kwenye mota.

Jambo moja sina mzaha nalo, nalo ni kufuli. Ninapoingia ndani ya mashine nazima swichi kuu, napiga kufuli langu, natundika kadi yenye jina langu, kisha nabonyeza kitufe cha kuwashia kuhakikisha kweli haiwaki. Ufunguo uko mfukoni. Hapo ndipo anakuja mtu na saa mkononi, "Fundi, hatuwezi kuijaribu kidogo huku unamalizia?" Huku namalizia na mkono uko katikati ya magia! Ufunguo haukutoka, na alinuna mpaka mwisho wa shifti. Anune tu.

Ahadi yao kubwa ni kusimamisha kiwanda mara 1 kwa mwaka. "Hapo mashine zote ni zenu," wanasema. Mara ya mwisho ziliahidiwa wiki 2. Zikawa wiki 1, ikaja oda, zikabaki Jumamosi na Jumapili. Jumamosi asubuhi tukafika na orodha ndefu na ngazi, tukawakuta wapaka rangi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja Jumatatu. Jamaa walikuwa na bidii, siwezi kuwanyima hilo: walipaka vifuniko, wakapaka vitundu vya kuingizia grisi, wakapaka vibati vya mota vyenye voti na ampea, wakapaka hata vioo vya kuangalizia oili.

Jumatatu wageni wakazungushwa. Wakasema hawajawahi kuona kiwanda kinachong'aa hivi. Mmoja akauliza, mbona mafundi hatuwaoni? Meneja akajibu kwa fahari kwamba mashine zetu hazihitaji mafundi wengi. Sisi tulikuwa chini ya mkanda, tumelala chali na msasa, tunatafuta kioo cha oili kiko upande gani.