Orijino au ya Kawaida?

Kuna swali moja likiulizwa kwenye duka la dawa, mfuko wangu unashikwa na homa kabla ya mgonjwa: "Unataka orijino au ya kawaida?"

Umetoka hospitali na mtoto begani, cheti mkononi, mwandiko wenyewe ukiugeuza juu chini ni ule ule. Nyuma yako kuna foleni, na foleni yetu haina haya, inasikiliza mpaka kikohozi chako. Sasa ujibu "ya kawaida" uone macho! Ushatangaza hadharani kwamba mtoto wako naye ni wa kawaida tu. Kuna wazee wa familia wanaolipia orijino kwa sababu ya foleni, si ya ugonjwa.

Juzi daktari kaandika Augmentin ya maji. Dokta wa dukani (siku hizi kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, hata aliyekuja kumshikia dada yake zamu) akataja bei. Nikamwomba arudie. Akarudia, haikupungua.

"Na ya kawaida ina nini ndani?"

"Amoksilini na asidi ya klavulani."

"Orijino je?"

Akaitazama chupa kama dakika nzima. "Amoksilini na asidi ya klavulani."

"Nguvu yake?"

"Ile ile."

"Sasa tofauti?"

"Hii ni ya Ulaya, bosi."

Haya, Ulaya. Jambo lenyewe wala si gumu, ila hakuna anayetuambia. Kampuni ikigundua dawa inapewa haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu iombe hataza, yaani hati ya haki hiyo. Inajipangia bei, inajijengea jina. Muda ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa, navyo havianzi utafiti wote upya, ndiyo maana hiyo ya kawaida vinaiuza chini. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba dawa yao ni ile ile na inafika kwenye damu sawasawa na ile ya kwanza. Kukagua hayo ni kazi ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa Tanzania. Na si watu wa mchezo: mwaka 2018, wakati bado wanaitwa TFDA, Shirika la Afya Duniani liliwapa daraja la tatu la udhibiti wa dawa (hapa namba ikipanda ndiyo sifa), wa kwanza Afrika nzima.

Nikamwambia hayo mama mkwe. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha: "Sawa, Baba Zuhura, lakini mimi hiyo parasetamoli hainishiki. Kichwa changu kinajua Panadol." Nikachukua Panadol yake, nikamwonyesha maandishi madogo: Paracetamol 500 mg. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Ndiyo. Ila hii wameiweka vizuri."

Afadhali yeye. Jirani yangu asubuhi anameza Panadol, mchana parasetamoli aliyopewa zahanati, usiku anakoroga dawa ya mafua ambayo nayo ndani ina parasetamoli. Anajihesabia dawa tatu. Ni dawa moja imevaa kanzu tatu, na mwenye kuipokea ni ini lake. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Nani atamhesabia, ikiwa kila pakiti ina jina lake?

Jina lenyewe ukilikuta, maana kuna mkasi. Mama Zuhura kaumwa mgongo, kataka Brufen yenyewe, si ibuprofeni ya nani sijui. Pesa ilikuwa ya vidonge vichache. Dokta kashika mkasi, kakata ile karatasi ya kung'aa katikati ya maandishi, kavitumbukiza kwenye bahasha, kaandika 1x3. Nafika nyumbani, nyuma ya vidonge imebaki "fen" na nusu ya mwaka wa kuisha muda. Jina nimelipia mimi, jina limebaki dukani!

Wapenda orijino wana hoja moja nzito: dawa feki. Zipo, sibishi. Lakini mwaka 2012 kule Luanda, Angola, forodha walifungua mzigo wa maspika kutoka China, ndani wakakuta Coartem bandia, ile dawa mseto ya malaria, paketi zaidi ya milioni moja. Walighushi Coartem, si dawa mseto ya kiwanda usichokijua. Mwizi naye anasoma soko, anaghushi kinachokimbiliwa. Bora uangalie duka kama lina kibali na pakiti kama haijafunguliwa, hayo mambo ya Ulaya waachie wasafiri.

Ila wanaotoa dawa nao wanatutafuta ubaya. Mama mkwe ana presha, anatumia amlodipini. Mwezi uliopita kapewa vidonge vyeupe, mwezi huu vya njano, dawa ile ile, kiwanda kingine. Hakuna aliyefungua mdomo kumweleza. Nimemkuta kavipanga mezani mafungu mawili, anavitazama kwa jicho la polisi. Nikamweleza taratibu, nikamwonyesha jina kwenye maboksi yote mawili.

"Kama ni kitu kimoja," akasema, "mbona hivi vya njano vinanipa kizunguzungu?"

"Umeanza kuvimeza lini, mama?"

"Sijaanza."