Mvinyo Mwekundu Si Chai

Jamani, wenye mikahawa ya Dar na Mombasa, mvinyo mwekundu wa vuguvugu umetuchosha. Eti unanywewa kwa "joto la chumba". Chumba kipi? Kanuni hiyo ni ya nyumba za Ulaya zenye baridi, nyuzi 16 hadi 18. Kaunta zenu zinagonga 30! Hapo kilevi kinakupanda puani kabla hujasikia harufu ya tunda. Halafu unaletewa pweza wa pilipili, na kilevi kinazidisha ule muwasho; mdomo unawaka, pweza mwenyewe humwonji.

Dawa ni ndoo: barafu nusu, maji nusu, chupa izame hadi shingoni kwa dakika 15. Maji ni lazima, maana barafu tupu inagusa chupa hapa na pale tu. Ukiomba ndoo, mhudumu anakudumbukizia barafu ndani ya glasi, mvinyo wa Dodoma unazimuliwa ukiutazama, na bei ni ile ile. Na glasi, theluthi moja inatosha. Mkijaza hadi ukingoni, harufu ikae wapi?