Dhamana ipo, tatizo ni tarehe ya rejesho

Eti wenye maduka ya dawa na zahanati ndogo tunakosa mikopo kwa sababu hatuna dhamana. Kwa huku Tandahimba, Mtwara, hiyo ni nusu ya habari. Mimi nina duka la dawa muhimu, kibali ninacho, na mikorosho yangu ipo. Kinachonimaliza ni rejesho la kila mwezi. Huku pesa inaonekana minada ya korosho ikianza, Oktoba hivi. Masika, malaria inapopamba moto, mama anakuja na mtoto anachemka na mia tano mkononi. Utamrudisha? Unampa mseto, dawa ya malaria, unaandika daftarini: "korosho", yaani atalipa akiuza korosho. Daftari langu lina kurasa nne za namna hiyo, na afisa mikopo alipoliona alicheka (kijana mgeni, simlaumu sana). Zahanati zinazopokea bima nazo husubiri malipo huku mishahara haisubiri. Mkulima anakatwa madeni yake msimu ukifika, kupitia chama cha msingi cha ushirika kinachouza korosho zake. Mbona mimi ninayemtibu nadaiwa kila tarehe 5? Kuna mwenye duka Newala au Nachingwea aliyewahi kupata mkopo wa kulipa kwa msimu? Riba ilikuwaje?