Kuhama shule kule sio kama kuhama nyumba

Huyu mzazi wa kwenye habari, ambaye kijana wake kaenda Marekani kucheza basketi akakuta shule yenyewe jina tu, namuelewa sana. Mtoto wa dada yangu yalimkuta hayohayo akiwa na miaka 16, wakala alileta makaratasi tukashangilia ukoo mzima. Kufika kule vijana nane nyumba ya kocha, magodoro chini, masomo ya kwenye laptop, dogo anapiga simu usiku "mjomba leo tena tambi", sisi tukajua anadeka!! Na kuhama sasa, visa ya F-1, ile ya wanafunzi, inaenda na fomu ya I-20 (karatasi ya shule ya kuthibitisha imekupokea) ya shule ileile, mpaka wao waachie rekodi yake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndo aende kwingine, akijiondokea tu anapoteza uhalali wa kukaa. Halafu NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari waliyoyakubali wao, na yale ya laptop hayamo, kwa hiyo hata angedanki vipi divisheni ya kwanza ya vyuo asingecheza. Miezi mitatu tumehangaika. Saivi yuko shule ya kawaida, benchi anakaa sana ila anakula vizuri na hesabu anafundishwa na mtu