Ijumaa na Jumatatu: siku mbili au nne?

Mfanyakazi anajaza fomu ya likizo. Anaomba Ijumaa na Jumatatu. Kwenye kisanduku cha idadi ya siku anaandika 2, anasaini, msimamizi anapitisha. Mwisho wa mwezi anaangalia salio lake na kukuta zimekatwa siku 4. Akiuliza, anajibiwa kwamba Jumamosi na Jumapili zilikuwa katikati, kwa hiyo nazo zimehesabiwa. Kwake hizo ni siku za ofu, hata bila likizo asingekuja kazini. Kwa afisa utumishi, mtu huyu aliondoka Alhamisi jioni akarudi Jumanne asubuhi, na hapo katikati kuna siku 4.

Wanaohesabu wikendi wana hoja, na haifai kuipuuza. Tanzania ni mfano mzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo, yaani miezi 12, na inasema wazi kwamba sikukuu ya umma ikiangukia humo inahesabiwa humo humo. Neno la kushika hapo ni "mfululizo". Siku 28 ni wiki 4 kamili, maana yake Jumapili zilikwisha kuwekwa ndani ya namba hiyo tangu mwanzo. Mtu akizitoa sasa na kudai zote 28 ziwe siku za kazi, anayefanya kazi siku 5 kwa wiki atapata wiki 5 na siku 3. Mwajiri akikataa hapo, hajamdhulumu mtu.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa maofisini hatulioni upesi. Hesabu ya mfululizo inawaweka sawa watu wenye ratiba tofauti. Karani wa siku 5 na mlinzi wa siku 6 ambaye ofu yake ni Jumanne, wakipewa wote siku 28 mfululizo, kila mmoja anakaa nyumbani wiki 4. Linganisha na Kenya, ambako Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja siku zisizopungua 21 za kazi. Ukiitazama haraka unaona nafuu, maana wikendi hailiwi. Lakini piga hesabu ya kiwango hicho cha chini: wa siku 5 anapata wiki 4 na siku 1, wa siku 6 anapata wiki 3 na nusu. Anayefanya kazi siku nyingi zaidi ndiye anayepumzika muda mfupi zaidi.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kuhesabu wikendi ni wizi, basi. Wizi unaingia mahali pengine: pale likizo inapokatwa vipande vipande huku hesabu ikibaki ileile ya mfululizo.

Mrudie mfanyakazi wetu wa Ijumaa na Jumatatu. Akiomba hivyo mara 7 kwa mwaka, siku zake 28 zimekwisha. Siku za kazi alizopumzika ni 14 tu. Mwenzake wa meza ya pili, aliyechukua likizo yake yote kwa mkupuo, amepumzika siku 20 za kazi. Mkataba wao ni mmoja, ila mmoja amepoteza siku 6 kwa sababu tu ya jinsi alivyozigawa. Na alichotozwa si kitu cha mwajiri. Mapumziko ya wiki ni haki inayojitegemea. Mkataba Na. 14 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, uliweka kwa wafanyakazi wa viwandani saa 24 za kupumzika mfululizo katika kila siku 7, na sheria za nchi nyingi zinafuata mkondo huo. Mtu anaipata Jumapili kwa sababu amefanya kazi wiki hiyo. Ukiichota Jumapili hiyo na kuiandika kama likizo ya mwaka, umemlipa madeni mawili kwa noti moja.

Waajiri wengi huitetea kanuni hii ya kuhesabu wikendi iliyobanwa kati ya siku mbili za likizo, ambayo wengine huiita ya sandwichi, kwa kusema inazuia mazoea ya kurefusha wikendi. Shida hiyo ipo kweli: mtu akikosekana Jumatatu, wenzake ndio wanaobeba mzigo wake. Ila likizo huombwa, haichukuliwi. Msimamizi anayo nafasi ya kusema tarehe hizo haziwezekani, chagua nyingine. Kukubali tarehe leo, kisha kumkata mtu mara mbili mwezi ukiisha, hakuongezi mikono kazini Jumatatu.

Kwenye likizo fupi ndipo ninaposimama upande mmoja bila kusita. Sheria hiyohiyo ya Tanzania inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtu anapofiwa na mzazi, mwenzi au mtoto. Simu ya msiba ikiingia Ijumaa usiku, na ofisi ikaanza kuhesabu Jumamosi, siku zimekwisha Jumanne. Jumatano asubuhi mtu anatakiwa mezani, pengine bado hajarudi safari ya mazishi. Siku 4 zimekuwa 2. Kwa likizo ya namna hii sioni hoja yoyote ya kuhesabu wikendi.

Kwa likizo ya mwaka, njia iliyo safi zaidi ni kutaja wiki badala ya siku. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2003 kuhusu saa za kazi, unasema wiki zisizopungua 4. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1963 inataja siku 24, kwa msingi wa wiki ya siku 6. Anayefanya kazi siku 5 hubadilishiwa kuwa 20, na wote wanapata wiki 4. Sera ya kazini inaweza kufanya vivyo hivyo: anayechukua wiki nzima akatwe wiki, anayechukua pungufu ya wiki akatwe siku alizopangiwa kazi tu, kutoka kwenye fungu la 20 au 24 kulingana na ratiba yake. Mwajiri hapotezi hata siku moja hapo, kwa kuwa jumla ni zilezile wiki 4.

Ugumu unabaki kwa wa zamu, ambao ofu zao huhama. Msimamizi akiona ombi la likizo kwanza ndipo apange ratiba, anaweza kuisogeza ofu ya mtu ikaangukia nje ya likizo, na siku zikakatwa zaidi. Ratiba itangulie kubandikwa ukutani, na ombi lihesabiwe kwa ratiba hiyo.

Na fomu iongezewe kisanduku kimoja. Cha kwanza: siku utakazokuwa nje. Cha pili: siku zitakazokatwa. Yule wa Ijumaa na Jumatatu angeandika 4 na 2, na msimamizi angesaini akiziona namba zote mbili.