Gari la Kiti Kimoja, na Mimi Ninayeombwa Lifti Saa Kumi Alfajiri

Simu imelia saa kumi alfajiri. Nimetoka zamu saa tisa, soksi moja bado iko mguuni. "Shikamoo kaka, samahani, eti kesho unapita upande wa uwanja wa ndege?" Jamani, nani anapita tu upande wa uwanja wa ndege? Huku Bologna, Italia, ninaendesha nini, daladala ya Airport? Nikasema napita. Msiniulize kwa nini.

Kwa hiyo mpwa wangu, aliyekuja huku kusoma na sasa anasoma magari tu, aliponiambia, "Anko, twende Sant'Agata, kwenye makumbusho ya magari ya Lamborghini," nilikwenda tayari nina neno moyoni. Mafuta yangu. Maegesho yangu. Tiketi yangu, na nilipoitazama bei nikauliza kama kuna na wali ndani yake.

Mpwa akanivuta hadi mbele ya dude moja la kijivu lenye vioo vya rangi ya chungwa. "Anko, hii ndiyo Egoista! Imetengenezwa moja tu, 2013, kampuni ilipotimiza miaka 50. Aliyeongoza kuichora ni Walter de Silva."

Nikainama kuchungulia. Kiti kimoja. Nikazunguka upande wa pili nikidhani kingine kimekunjwa. Kimoja! Injini ya V10, yaani silinda kumi, lita 5.2, nguvu za farasi 600, wote hao wanamvuta mtu mmoja. Kigari changu kina farasi 54 na kinabeba watu sita na mtungi wa gesi. Na tena Waitaliano hawafichi: egoista kwao ni mbinafsi. Mzee Ferruccio aliyeanzisha kampuni alitokea kwenye matrekta, na trekta angalau mtu anadandia madigadi.

"Brutta," ikatoka sauti nyuma yetu. Mbaya. Mzee mmoja wa Kitaliano, kofia mkononi, vidole vimekusanywa ncha kwa ncha kama anayeonja chumvi. Akasema maisha yake yote alikuwa fundi wa kunyoosha bodi, na bodi kama hii ikiletwa gereji hujui ipi ni ajali na ipi ni kiwanda.

Mpwa akawaka. Eti tutazame kwa ubavuni, huyo ni fahali ameinamisha kichwa anataka kurusha pembe. Mzee akatazama kwa ubavuni. Akaona mende aliyekanyagwa. Mimi nilipoulizwa, nikasahihisha tai ambayo sikuvaa, nikatamka kwa heshima zote kwamba naona mabati ya kibanda baada ya upepo. Mzee akanipa mkono. Akaanza kuisifu Miura, Lamborghini ya 1966, jinsi mbunifu Gandini alivyoichora, akaipapasa hewani kuanzia taa za mbele hadi nyuma mpaka mimi nikaona haya. Mpwa akasema hayo ni mapenzi ya wazee, hii imeigwa kwenye chumba cha rubani wa helikopta ya kivita ya Apache.

"Sasa rubani anatokaje?" nikauliza. "Mlango sioni."

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mpwa akaeleza: unachomoa usukani unauweka juu ya dashibodi, kifuniko kinainuka, unasimama, unakaa juu ya bodi upande wa kushoto, mahali maalumu, halafu unageuza miguu yote miwili kutoka ndani kuileta nje. Mzee akasema haiwezekani. Mimi, mtu mzima mwenye familia, nikakaa kwenye benchi nionyeshe kwamba inawezekana. Nikachomoa usukani. Nikauweka. Nikasimama, nikakaa, nikazungusha miguu, na goti la kulia likabaki Italia ya zamani. Halirudi, haliendi. Watalii wamesimama. Mtoto mmoja anapiga picha, na sijui ni ya gari. Mzee akanishika kwapa, mpwa akanishika mguu, wakanivuta huku wanaendelea kubishana juu yangu kama sipo: fahali, mende, fahali, mende!

Basi pale nimeegemea ukuta nasugua goti, nikalitazama tena lile gari. Kiti kimoja. Mtu akupigie saa kumi alfajiri: "Kaka, unapita?" Unamjibu kwa upole kabisa: napita, ndugu yangu, lakini unaona mwenyewe. Hakuna buti la kuwekwa sufuria la pilau la maulidi lisilofunikwa vizuri. Hakuna wa kusema "nishushe hapo mbele tu" na hapo mbele ni Modena, mji mwingine kabisa. Hakuna wa kukusogezea redio! Mnanielewa? Miaka tisa naendesha watu kwenda kufuatilia karatasi zao, na zangu nilizifuata kwa basi!

Mpwa akaniuliza, "Anko, umeipenda?" Nikamwambia ni mbaya sana, twende.

Jumapili nikaenda uwanja wa ndege. Waliotua ni wawili, waliokuja kuwapokea ni watatu, masanduku manne, na moja lina dagaa, hilo halihitaji kufunguliwa ujue. Aliyekaa nyuma yangu akaomba nisogeze kiti mbele kidogo, magoti yanambana. Nikasogeza. Akaomba tena. Kifua kikafika kwenye honi, na tulipoingia barabara kuu kila nikivuta pumzi gari linalia, na wao nyuma wanaulizana huyu anampigia nani.